Ahadi Niliyotozwa Korongoni

Mayu, mama yangu,

Mvua imeanza. Naanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo ungeiuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Ilinyesha jana mchana, ikatutumia vumbi na upepo kwanza, kisha ikamwagika kweli, na mabati yako yale ya jikoni bado yanapiga kelele palepale ulipokataa yasipigiliwe msumari. Leo alasiri imetulia. Nimekaa barazani kwako, nimegeuza beseni lako la mchele juu chini mapajani nikaweka karatasi juu yake, naandika. Najua hupendi beseni hilo liwekwe kitu kisicho mchele. Nivumilie.

Shikamoo, Mayu. Nimeiandika, kisha nikasubiri marahaba yako, kwa mazoea.

Mahali pako sokoni paliachwa wazi mpaka tulipomaliza matanga. Sasa anakaa mama mmoja kutoka Ulyankulu, anauza maharage. Siku ya kwanza nilimpita nikamchukia bila kosa lolote, siku ya pili nikanunua. Ni mpole, na mkono wake ni mzuri kwenye kupima, anaacha kilima juu ya pishi kama ulivyokuwa unafanya wewe. Kuku wako mweusi ameangua. Redio imekufa. Mimi nimekonda, watu wanasema uongozi unanipendeza, waongo hao.

Maana nimeshinda, Mayu. Mwanao ni diwani. Siku matokeo yanatangazwa watu walinibeba juu juu, na mimi nikiwa huko juu nikawa natafuta kilemba chako katikati ya vichwa. Nilikitafuta kweli, mpaka nilipokumbuka. Waliokuwa chini walidhani nalia kwa furaha, wakazidi kunirusha.

Na kesho asubuhi madiwani tunakaa kumchagua meya. Tumebaki wawili, mimi na mwenzangu mmoja wa upande wa mjini. Kila mmoja atasimama, ataeleza ataanza na nini kuuboresha mji, kisha wenzetu watapiga kura. Hilo neno "kuanza" ndilo lililonifanya nikuandikie. Unajua mambo ya halmashauri yalivyo. Kinachowekwa mbele kwenye bajeti ndicho kinachojengwa, na kinachofuata kinasubiri mwaka mwingine, na mwaka mwingine una mambo yake. Kwa hiyo kesho siulizwi napenda nini. Naulizwa nani asubiri.

Unakumbuka siku nilipokuambia nataka kugombea? Ulikuwa hapa hapa, ungo mapajani, unachambua mawe kwenye mchele wa Igunga uliokuja na fuso asubuhi ile. Nikakusomea mipango yangu kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mgeni: choo na maji sokoni, taa za barabarani, stendi mpya, mitaro, daraja. Hukuinua kichwa. Ukasema, "Mabeseni mengi hayo, Kabula. Kichwa ni kimoja." Nilinuna. Nilitaka unisifu, ukanipa ungo nikusaidie kuchambua.

Lakini nilikuwa najua ni beseni gani lingekaa kichwani kwanza. Choo, Mayu. Choo cha soko. Miaka yote ile nilikuona unakunywa kikombe cha uji kabla hakujapambazuka, na baada ya hapo hata tone la maji hukugusa mpaka unarudi nyumbani jua limezama, kwa sababu pale sokoni hapakuwa na pa kwenda. Wanaume walikuwa na kuta zao. Ninyi mlikuwa mnapeana zamu ya kuomba kwa mwenye duka la vitambaa, na akiamka vibaya anawaambia ufunguo umepotea. Wewe hukupenda kuomba. Ulikuwa ukicheka na wenzako, "Mimi chombo changu hakivuji." Wakacheka wote. Nami nikacheka, nilikuwa mjinga wa kutosha kucheka.

Figo zilipoanza kukusumbua, daktari hakusema ni kwa sababu ya ule ukame wa kila siku uliojitia mwenyewe. Alisema mambo mengi, hilo hakulisema. Mimi ndiye ninayelisema, na hakuna wa kunitoa hapo. Ulipovimba miguu nilijiapiza kwamba mkutano wangu wa kwanza, kikao changu cha kwanza, neno langu la kwanza, litakuwa choo cha wanawake wa soko lile. Ningekijenga kwa meno kama ingebidi.

Kisha ukafa katikati ya masika, na siku ya kukuzika tukafika Korongo la Kasimba.

Najua ulikuwepo. Lakini ulikuwa umelala, basi acha nikusimulie jinsi ilivyokuwa kwa tuliokuwa tunatembea. Ule mti uliokuwa umelazwa juu ya korongo ulishachukuliwa na maji. Ng'ambo ndiko iliko shule, ndiko iliko zahanati, ndiko yaliko makaburi, na sisi tuko upande huu na jeneza. Vijana wakaanza kukunja suruali. Mchungaji akakunja kanzu yake. Mvua ya rasharasha ilikuwa inakupiga juu ya mbao, nami nilikuwa naifuta kwa kiganja, naifuta, inarudi, naifuta. Sijui nilidhani nafanya nini.

Wakati huo Mzee Ndahani alikuwa amekwisha kutuchekesha njia nzima. Sihitaji kukueleza wewe Mzee Ndahani ni nani, fundi baiskeli wa kona yetu, Mgogo aliyekuja ujanani kufanya kazi ya reli kule Tura, akahamia huku na hakurudi kwao tena. Mtani wako. Kila asubuhi ulipopita na beseni alikuita, "Mpagazi, leo mzigo wa nani?" Nawe bila kugeuka, "Ombaomba, leo hujapata?" Nilipokuwa mdogo nilidhani mnagombana. Ukanieleza kwamba babu zetu walipokuwa wanapita nchi ya Wagogo na mizigo ya watu kichwani kwenda pwani, babu zao walikaa njiani wakawatoza hongo, ile ya zamani ya kupitia nchi ya watu, na uhasama ule ukazeeka ukawa utani. Na mtani msibani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Siku ile alivaa kanga yako, akajitwisha beseni hili hili ninaloandikia, akatembea kwa ile nyonga yako ya kulia inayotangulia. Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mchungaji alijifanya anakohoa.

Tulipofika ukingoni akalitua beseni, akalala chali kwenye tope mbele ya jeneza lako.

"Hapa Ugogo! Msafara haupiti bila hongo!"

Watu wakacheka, wakaanza kupapasa mifukoni, kama desturi. Akazikataa hela zao. Akaninyooshea kidole mimi. Sauti yake ilikuwa imebadilika kidogo, lakini nani angejua siku kama ile. Akasema mpagazi leo anabebwa, hana cha kutoa, atoe huyu anayetaka kuitwa mheshimiwa. "Mwambie mama yako utaanza na nini."

Mayu, sikuwa na akili. Nilikuwa naona maji mekundu na jeneza na mvua. Nilitaka tu uvuke. Nikasema, "Naanza na hapa. Hapa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote." Akaniambia nirudie, mkono ukiwa juu ya jeneza. Nikarudia. Akainuka, akajipangusa tope, akasema msafara upite. Tukavuka maji yakiwa mapajani, na yeye akiwa mmoja wa waliokubeba.

Halafu kikaja kiangazi. Unajua kampeni zetu hufanyika kiangazi, vumbi tupu, korongo limekauka mbuzi wanalala ndani yake. Mgombea anavuka na viatu vya ngozi bila kuangalia chini. Nilivitaja vyote majukwaani, choo na daraja na taa na stendi, bila kusema kipi mbele, na watu walipiga vigelegele kwa vyote. Shabani, mwalimu mwenzangu wa zamani ambaye ndiye aliyenisimamia kampeni, nilipomkumbusha yale ya mazishi alicheka. Akasema utani ni utani. Akasema mtu aliyefiwa hahesabiwi maneno yake.

Sasa juzi madiwani wa kata zinazozunguka soko wakaniita. Wanataka soko lianze, na choo ndani yake, na kesho nikisema hivyo kura zao ni zangu. Shabani anasema zikiongezwa kwenye zile nilizonazo, umeya ni wangu. Fikiria, Mayu. Kile wanachokitaka wao, na kile nilichojiapiza mimi, ni kitu kimoja! Choo chako ndicho kingenipa umeya. Kilichobaki katikati ni neno nililolisema mbele ya mzee aliyelala kwenye tope.

Basi nikaenda kulikomboa. Si ndiyo desturi? Alichokitwaa mtani kinakombolewa kwa mtani mwenyewe. Nikachukua kuku, si yule mweusi, usihangaike, nikampelekea Mzee Ndahani kibandani kwake. Nikamweleza yote: choo, figo zako, kura, kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akampokea kuku, akamfunga kwenye gurudumu la baiskeli ya mtu, akanishukuru sana, kisha akakataa.

Nilidhani anatania. Nikasema kwa ukali kidogo kwamba mimi ni kiongozi sasa, haya mambo yana wakati wake. Hapo ndipo akaniambia kwamba ahadi ile si yake hata aweze kuirudisha. Ilikuwa ya kutumwa. Wewe ndiye uliyemtuma.

Mayu.

Nimeikumbuka siku yenyewe. Ulikuwa umelala chumbani, yeye amekaa kizingitini kwa heshima, mimi naleta uji, nikasikia mnacheka. Nikafurahi. Nikajisemea, angalau mtani wake anamchangamsha. Kumbe mlikuwa mnapanga mazishi. Mimi ulinambia figo zinapona, hii ni homa tu, itapita. Ukamwambia fundi baiskeli kwamba unakufa. Nilikasirika, na mpaka sasa ninapoandika nimekasirika kidogo, uniache nikasirike.

Akanieleza habari ya Pendo, yule binti wa nyumba ya mwisho karibu na korongo. Masika ya mwaka juzi uchungu ulimshika, bodaboda akamfikisha ukingoni, maji yakakataa. Wewe ulikuwa unatoka sokoni. Akajifungua pale pale kwenye majani, mvua inanyesha, na mtoto ukampokea wewe kwa kanga yako. Nami nakumbuka jioni ile! Ulirudi umelowa, huna kanga ya pili, ukaniambia imeibwa kwenye kamba. Nikamsema jirani kwa mafumbo wiki nzima, yule mama wa watu asiye na hatia, nawe unakula ugali wako kimya kama hayakuhusu.

Nilimuuliza Mzee Ndahani kwa nini hukunambia mwenyewe. Kwa nini hukuniita, ukanikalisha, ukasema, Kabula, anza na korongo. Ningekubali. Akatikisa kichwa. Akanipa maneno yako, na aliyatoa polepole, kwa sauti yako, ile anayoijua kuiga. Lakini safari hii hakuna aliyecheka.

"Kabula ananipenda. Akiachwa hivi hivi ataanza na mimi. Na mimi sitakuwepo kukitumia hicho choo."

Niliondoka kibandani bila kuaga, nikatembea mpaka nje ya mji, kwenye ile miembe ya zamani iliyopangwa kando ya njia ya misafara, nikasimama kama mtu aliyepotea kwao. Nilikuwa nalia kwa sauti, diwani mzima. Mwendesha baiskeli mmoja aliyebeba mkaa alisimama akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia ndiyo. Akanipa pole, akaendelea na safari yake.

Maana ulinijua, ndilo linaloniuma. Ulijua kwamba nikisema "wananchi" namaanisha wewe. Ulijua nitachukua uchungu wangu niuite kipaumbele cha mji, na watu watanishangilia, na mimi mwenyewe nitaamini. Wala si kwamba choo hakina haki. Wale wenzako bado wanabana mpaka jioni, mama wa maharage naye nimeona hanywi maji. Kina haki kabisa. Lakini mama wa maharage anafika nyumbani jioni. Anayefika Kasimba na uchungu wakati wa masika hajui kama atafika.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, nilikwenda korongoni. Mvua ya siku moja tu, na maji yameshajaa nusu, mekundu, yana haraka. Pendo alikuwa ng'ambo, amebeba mtoto mgongoni, ametoka zahanati, amekaa kwenye jiwe anasubiri yapungue. Akaniamkia kwa sauti juu ya maji, "Shikamoo, mheshimiwa." Mtoto akachungulia begani kwake. Wanamwita Kasimba. Si ndivyo tulivyo sisi, mtoto anabeba jina la kilichomkuta siku yake. Mimi ulinipa Kabula kwa sababu ya mvua, naye wamempa jina la korongo, atazeeka nalo. Nikaitikia marahaba, nikasimama upande huu, yeye akakaa upande ule, tukayaangalia maji pamoja mpaka yaliposhuka kiasi cha kumfikia magotini. Aliposhika mkono wangu kupanda ukingo niliuona upindo wa kanga iliyomfunga mtoto. Ni yako, Mayu. Ile ya zambarau. Nikajifanya sijaona.

Kwa hiyo kesho nitasimama mbele ya wenzangu niseme hivi. Daraja la Kasimba kwanza, la zege, lenye kalavati pana la kumeza maji ya masika, na upana wa kupita gari la wagonjwa. Choo na maji ya soko baada yake, bila kitu kingine kuingia katikati. Kisha mitaro, kisha taa, na stendi ikae ikisubiri, stendi ina watetezi wengi. Nimemweleza Shabani. Akavua miwani akaifuta muda mrefu, akasema natupa umeya kwenye maji. Wale madiwani wa sokoni nao nimewaambia mapema, sikutaka waje kusikia kikaoni. Mmoja alinipa mkono. Mwingine hapokei simu yangu tena.

Huenda nikashindwa. Nakuambia ili usije ukashangaa. Nikishindwa nitabaki diwani wa kata ya korongo, na diwani ana haki ya kusumbua kila kikao, na kusumbua nilifundishwa na wewe. Nikishinda, nitakuwa meya ambaye neno lake la kwanza alitozwa na Mgogo mbele ya jeneza. Yote mawili nayaweza. Nisichokiweza ni kuvuka pale masika yajayo nikiwa na viatu vizuri, nikakuta mwanamke mwingine kwenye majani, na wewe uko ng'ambo pale kilimani unatazama.

Jua limeanza kushuka, na beseni lako limeacha duara la kutu kwenye kanga yangu. Nitaliosha nilirudishe mahali pake. Siku daraja litakapokamilika nitajitwisha beseni hili mwenyewe, na mchele ndani, nitavuka kwa miguu mikavu mpaka kaburini kwako, na Mzee Ndahani atembee mbele yangu akitafuta pa kunizuia asipate. Hilo nakuahidi, na safari hii hakuna aliyelala njiani kunilazimisha.

Na choo chako nitakijenga. Hakitakuwa cha kwanza, Mayu. Najua nakuomba jambo lile lile ulilolifanya pale sokoni maisha yako yote, tangu kikombe cha uji mpaka giza linaingia, na sasa hata mwanao mwenyewe anakuomba.

Lala salama, mpagazi wangu. Vumilia tena kidogo.

Mwanao,
Kabula